Majeraha ya Michezoni: Kuyatambua, Kuyatibu na Kurudi Uwanjani kwa Wakati Wake

Mchezaji anapoumia, maswali mawili humjia kwa pamoja: nimeumia kiasi gani, na nitarudi lini? La pili ndilo huulizwa kwa sauti, ilhali jibu lake limo ndani ya la kwanza. Mwongozo huu unafuata mwendo wa jeraha lenyewe, tangu dakika lilipotokea hadi siku ya kurudi mchezoni, na umeandikwa kwa ajili ya mchezaji wa kawaida, mkimbiaji wa asubuhi na kocha wa timu ndogo isiyo na daktari wake. Msisitizo upo kwenye jambo moja ambalo nililijifunza kwa kifundo changu mwenyewe: maumivu huondoka mapema kuliko jeraha. Nilitegua mguu, siku ya kumi nikatembea bila kuchechemea, siku ya kumi na moja nikacheza, na kabla ya mapumziko ya mchezo huo nilikuwa nimeutegua tena vibaya zaidi. Huduma ya kwanza niliipata yote. Nilichokosa ni kila kitu kinachofuata baada yake.

Hatua ya kwanza: Simamisha mchezo na uangalie hatari

Mchezaji akianguka na kubaki chini, wenzake hukimbilia kumshika mikono na kumwinua. Ni ungwana, lakini subirini. Muache alale alivyo, mwulize anaumia wapi, aliangukaje, na kama alisikia mlio au kitu kuachia ndani ya kiungo. Majibu ya dakika hizo za mwanzo yana thamani kubwa kwa tabibu atakayempokea, kwa sababu baada ya saa moja uvimbe utakuwa umefunika kila kitu na kumbukumbu zitakuwa zimechanganyika.

Anza na kichwa na shingo. Aliyegongwa kichwani, hata kama hakuzimia, anaweza kuwa amepata mtikisiko wa ubongo, na walio wengi kati ya wanaoupata hawapotezi fahamu kabisa. Angalia kama anayumba, anaduwaa, anajibu polepole, hakumbuki matokeo ya mchezo au upande ambao timu yake inashambulia, au analalamikia mwanga na kelele. Ukiona moja tu ya dalili hizo, anatoka na harudi siku hiyo, hata akiapa kuwa yuko sawa, maana ubongo uliotikiswa ndio huohuo unaotoa hicho kiapo. Akitapika mara kwa mara, akipata degedege, akisinzia kiasi cha kutoamka vizuri, maumivu ya kichwa yakizidi, mboni za macho zikitofautiana ukubwa au mkono ukilegea, apelekwe hospitali mara moja. Akiwa na maumivu ya shingo, au ganzi mikononi au miguuni, asisogezwe mpaka wafike watu wenye ujuzi wa kumbeba.

Baada ya hapo angalia umbo la kiungo. Mfupa uliopinda, kiungo kilichotoka mahali pake, jeraha linaloonyesha mfupa, au vidole vilivyopoa na kubadilika rangi, vyote ni vya hospitali. Bega lililochomoka lina kishawishi chake, kwa kuwa karibu kila timu ina mtu anayejisifu kwamba anajua kulirudisha. Asiruhusiwe. Kando ya kiungo hicho hupita mishipa ya fahamu na ya damu, na pengine mfupa umevunjika pia bila kuonekana kwa nje. Ukivutwa kwa nguvu, jeraha moja huzaa mawili. Mfungie mkono kifuani kwa kitambaa jinsi ulivyo, kisha muondoke.

Hatua ya pili: Tambua kilichoumia

Lugha yetu inatuchanganya kidogo hapa, kwa sababu neno kano hutumika kwa nyuzi zinazofunga mfupa kwa mfupa na pia kwa zile zinazofunga msuli kwa mfupa, na neno kuteguka humwagwa juu ya kila kitu kinachouma karibu na kiungo. Kwa matibabu, tofauti hizo ni muhimu. Kuteguka ni kano za kiungo kuvutika au kuchanika. Msuli nao huchanika katikati yake au unapokutana na kano. Mfupa huvunjika au hupata ufa. Na pigo la moja kwa moja huivilisha damu ndani ya nyama bila kuchana kiungo chochote.

Kifundo cha mguu ndicho kinachofaa kuchunguzwa kwa karibu, kwa kuwa huteguka kuliko viungo vingi na kwa kuwa kipo kipimo rahisi ambacho hata asiye daktari anaweza kukifuata. Mara nyingi unyayo hugeukia ndani na uzito wa mwili hutua juu ya ukingo wa nje, nazo kano zilizo mbele na chini ya kinundu cha nje cha kifundo huvutika. Mkalishe mgonjwa, mvue kiatu na soksi, kisha tumia kidole kimoja. Usianze pale palipovimba. Anzia juu, nyuma ya mfupa wa nje, kama sentimita 6 kutoka ncha ya kinundu, ubonyeze mfupa wenyewe na kushuka taratibu hadi kwenye ncha, huku ukimtazama usoni badala ya kuutazama mguu. Rudia vivyo hivyo upande wa ndani. Kisha bonyeza mfupa unaojitokeza katikati ya ukingo wa nje wa unyayo, ule ulio kwenye shina la kidole kidogo, na ule wa juu ya upinde wa ndani wa unyayo. Mwisho, mwombe atembee hatua nne, hata kwa kuchechemea.

Akiruka kwa maumivu ulipobonyeza mfupa katika mojawapo ya sehemu hizo, au kama hakuweza kutembea hatua nne mara baada ya kuumia na bado hawezi sasa, anahitaji picha ya eksirei. Akiumia tu katika nyama laini iliyo mbele na chini ya kinundu, na hatua nne anazimudu, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana. Kanuni hii ilichapishwa mwaka 1992 na madaktari wa Ottawa, Kanada, na hadi leo inatumika katika vyumba vya dharura ili kupunguza picha zisizo za lazima. Haifai kwa mlevi, kwa mtoto mdogo, wala kwa mtu mwenye ganzi miguuni, kwa kuwa majibu yao hayategemeki.

Katika goti, saa ndiyo inayosema zaidi. Goti likivimba ndani ya saa mbili hivi, baada ya mchezaji kugeuka ghafla au kutua vibaya akasikia kitu kinakatika, damu imeingia ndani ya kiungo, na mshukiwa wa kwanza ni kano ya mbele kati ya zile mbili zinazopishana kama msalaba katikati ya goti. Jeraha hilo mara nyingi hutokea bila mtu yeyote kumgusa mchezaji, jambo linalowafanya watazamaji wadhani anajifanya. Uvimbe unaokuja taratibu hadi kesho yake, pamoja na goti linalokwama lisikunjuke, huelekeza kwenye kipande cha gegedu chenye umbo la mwezi mchanga kinachokaa kati ya mifupa miwili. Yote mawili yanahitaji daktari wa mifupa, ingawa si lazima usiku uleule. Goti lililokwama kabisa, hata hivyo, lisisubiri wiki.

Msuli wa nyuma ya paja huchanika hasa katika mbio za kasi. Mkimbiaji hupeleka mkono nyuma ya paja na kusimama, kama aliyechomwa kisu. Wataalamu huigawa michaniko ya misuli katika madaraja matatu: nyuzi chache, ambapo nguvu inabaki na maumivu ni ya kuvumilika, nyuzi nyingi, ambapo nguvu hupungua na mvilio wa damu huonekana baada ya siku mbili tatu, na msuli kukatika wote, ambapo mara nyingine unahisi bonde kwa vidole. Daraja la kwanza huchukua wiki moja hadi tatu, la pili wiki kadhaa, la tatu miezi. Kubanwa na misuli ni jambo jingine kabisa: msuli umekaza wenyewe bila kuchanika, na ukinyooshwa taratibu kwa nusu dakika au zaidi huachia.

Kano ya kisigino ina hadithi yake. Anayekatikiwa nayo hugeuka nyuma kumtafuta aliyempiga teke, na hakumwona mtu. Mlaze kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya ukingo wa kitanda, kisha minya shavu la mguu. Kwa kawaida unyayo hujinyoosha, vidole vikielekea mbali na ugoko. Usiposogea wakati ule mwingine unasogea, kano imekatika, na daktari amwone ndani ya siku moja au mbili. Usidanganyike kwa kuwa anaweza kutembea, kwa sababu misuli mingine humsaidia kuburuta hatua.

Hatua ya tatu: Siku mbili tatu za mwanzo

Mwaka 1978 daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, alieneza kanuni ya mambo manne: kupumzisha, kuweka barafu, kubana kwa bendeji na kuinua. Kizazi kizima cha wanamichezo kimelelewa nayo. Mwaka 2014 Mirkin mwenyewe aliandika kwamba barafu na mapumziko ya muda mrefu vinaweza kuchelewesha kupona, kwa sababu uvimbe unaofuata jeraha ni sehemu ya kazi ya mwili ya kusafisha na kujenga upya. Mimi sioni sababu ya kuitupa barafu, kwani inatuliza maumivu vizuri, lakini naiweka kwenye nafasi yake ya dawa ya maumivu. Izungushie kitambaa chenye unyevu, iweke dakika 10 hadi 20, uipumzishe ngozi kwa saa mbili hivi kabla ya kurudia, na baada ya siku mbili uachane nayo.

Kubana na kuinua ndivyo vinavyopunguza uvimbe. Bendeji inayovutika ifungwe kuanzia karibu na vidole kuelekea juu, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, bila kuacha madirisha ya ngozi. Dakika 15 baadaye bonyeza ukucha wa kidole gumba: ukipauka kisha ukarudisha rangi yake ndani ya sekunde mbili, damu inapita. Ganzi, ubaridi au vidole vya bluu maana yake ni kuilegeza mara moja, na usiku ilegezwe kwa vyovyote. Mguu uinuliwe juu ya usawa wa moyo. Mguu uliowekwa juu ya kiti wakati mtu mwenyewe ameketi bado uko chini ya moyo wake, kwa hiyo kuinua hasa ni kulala na kuuegemeza kwenye mito.

Kwa siku mbili hadi tatu, epuka mambo manne: maji ya moto, pombe, kukimbia na kuchua. Katazo la kuchua ndilo linalovunjwa zaidi, na mahali linapodhuru zaidi ni paja lililogongwa goti na mpinzani. Kukanda kwa nguvu mvilio mkubwa wa damu ndani ya msuli huo kunaweza kuongeza utokaji wa damu, na baadhi ya mivilio kama hiyo huishia kujenga mfupa ndani ya nyama, jambo linaloweza kumweka mchezaji nje kwa miezi. Paja la namna hiyo hufaidika likipumzishwa huku goti limekunjwa, ili msuli wa mbele ubaki umenyooka. Na kama mguu ni mgumu kama ubao, maumivu yakipita kiasi cha jeraha lenyewe na kuzidi vidole vikinyooshwa, ni shinikizo linalopanda ndani ya msuli na ni dharura ya upasuaji.

Kuhusu dawa, parasetamoli inatosha kwa majeraha mengi, na mtu mzima mwenye afya asipitishe gramu 4 kwa saa 24. Ibuprofeni na jamii yake huzuia ule uvimbe unaojenga, kwa hiyo baadhi ya wataalamu hushauri isitumike katika siku za mwanzo. Tena haimfai mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo wala mjamzito, na baadhi ya wenye pumu huwadhuru. Usimeze chochote cha kutuliza maumivu kwa nia ya kumaliza mchezo, kwani unakuwa umezima kengele pekee uliyonayo.

Hatua ya nne: Rudisha kazi kwenye kiungo

Hapa ndipo wengi hutengana na matibabu, na hapa ndipo kupona hasa kunapofanyika. Kano na misuli hujijenga kulingana na kazi inayopewa. Ikikaa bila kazi, nyuzi mpya hupangika ovyo na kubaki dhaifu. Kipimo cha kiasi cha kazi ni maumivu yenyewe, ukiyapa alama kuanzia 0 hadi 10. Zoezi linaloleta alama 2 au 3 na kutulia kabla ya asubuhi linakubalika. Kesho yake kiungo kikiamka kimevimba au kimekaza zaidi, punguza, usiache.

Kifundo kilichoteguka kwa kiasi cha kawaida kinaweza kuanza siku ya pili au ya tatu. Ukiwa umeketi, andika herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, kuanzia A hadi Z, mara tatu kwa siku. Anza kukanyaga kadiri maumivu yanavyoruhusu, kwa magongo ikibidi, ukihakikisha kisigino kinatangulia na vidole vinamalizia. Kuchechemea kwa muda mrefu hufundisha mwili mwendo mbovu. Ukiweza kusimama bila shida, panda na kushuka kwa ncha za vidole, kwanza kwa miguu miwili, kisha kwa mmoja.

Baada ya hapo linakuja zoezi ambalo ningelichagua kama ningeruhusiwa moja tu: kusimama kwa mguu mmoja. Ndani ya kano mna vihisio vinavyoujulisha ubongo unyayo umekaa vipi, na kano inapochanika navyo huharibika, ndiyo maana kifundo kilichoteguka mara moja huteguka tena kirahisi. Simama pembeni ya ukuta, mguu mmoja, kwa sekunde 30. Ukiweza bila kugusa ukuta, fumba macho. Utashangaa jinsi mguu unavyoanza kutetemeka kama mti mchanga kwenye upepo. Ukizoea, simama juu ya mto, kisha rusha na kudaka mpira. Dakika 5 kila siku kwa wiki nane si nyingi.

Kwa msuli wa nyuma ya paja, mpangilio ni uleule wa kupanda taratibu: kukaza bila kusogeza, kisha kunyanyua makalio ukiwa umelala chali magoti yamekunjwa, kisha zoezi la kupiga magoti huku mwenzako akikushikilia vifundo, nawe ukiushusha mwili mbele polepole kadiri unavyoweza kujizuia. Zoezi hili la mwisho limeonyesha kupunguza kwa kiasi kikubwa michaniko ya msuli huo kwa wachezaji wa mpira wa miguu, lakini linauma kwa siku kadhaa mwanzoni. Anza na seti mbili za marudio matano.

Aliyetikiswa ubongo hufuata ngazi zake mwenyewe. Siku mbili za mwanzo ni za utulivu, kutembea kidogo na kupunguza skrini; kisha mazoezi mepesi, mbio, mazoezi ya timu bila kugongana, na mwisho mchezo kamili baada ya ruhusa ya daktari. Kila ngazi ichukue angalau saa 24, na dalili zikizidi anashuka ngazi.

Majeraha yasiyo na siku ya kuzaliwa

Si kila jeraha lina tukio. Mengine hujengeka kwa wiki, na sababu yake karibu kila mara ni kuongeza mazoezi haraka kuliko mwili unavyoweza kujirekebisha: kilomita zaidi, milima zaidi, viatu vipya, uwanja mgumu. Maumivu ya ugoko yanayosambaa sehemu ndefu ya ukingo wa ndani wa mfupa huweza kutulia kwa kupunguza mbio na kuimarisha shavu la mguu. Yakikusanyika mahali pamoja panapofunikwa na ncha ya kidole, yakauma hata usiku, shuku ufa wa mfupa na usikimbie mpaka upimwe, kwani picha ya eksirei ya wiki za mwanzo inaweza isiuonyeshe. Kwa mkimbiaji wa kike, hedhi iliyokoma pamoja na ufa wa mfupa ni ishara kwamba anakula pungufu ya anachotumia, na hilo halitibiwi kwa mapumziko pekee.

Kano ya kisigino inayokaza asubuhi na kulegea ukitembea haihitaji kunyamazishwa; inahitaji mzigo. Mwaka 1998 Håkan Alfredson wa Sweden na wenzake walichapisha utaratibu ambao bado ni msingi wa tiba hii: simama kwenye ngazi kwa nusu ya mbele ya unyayo, panda kwa mguu usiouma, kisha shuka polepole kwa ule unaouma hadi kisigino kiwe chini ya usawa wa ngazi. Ni seti tatu za marudio 15, goti likiwa limenyooka, na nyingine tatu likiwa limekunjwa kidogo, mara mbili kwa siku, kwa wiki 12. Watu wengi huacha wiki ya nne, wakidai haifanyi kazi.

Hatua ya tano: Pima kabla ya kurudi

Kalenda peke yake haitoshi kutoa ruhusa, ingawa ina mipaka yake: aliyefanyiwa upasuaji wa kano ya msalaba ya goti asirudi kwenye michezo ya kugeuka na kugongana kabla ya miezi 9, hata akijiona mzima vipi. Kwa majeraha mengine, linganisha mguu ulioumia na mwenzake. Ukunjike na kunyooka sawa. Ruka kwa mguu mmoja mbele kadiri uwezavyo, mara tatu, upime kwa utepe. Ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya umbali wa mzima, na utue bila goti kuangukia ndani. Panda kwa ncha ya vidole kwa mguu mmoja mpaka uchoke, uhesabu pande zote mbili. Kisha kimbia moja kwa moja, kimbia kwa kona, simama ghafla, geuka, na mwisho fanya hayo yote huku ukitazama mpira badala ya miguu.

Ukifaulu, rudi kwanza kwenye mazoezi kamili ya wiki moja, kisha cheza dakika 20 au 30 za mwisho wa mchezo kabla ya kucheza wote. Kifundo kivalishwe kifaa cha kukizuia kisipinduke au kifungwe plasta wakati wa mchezo kwa miezi 6 ya mwanzo au zaidi. Na lile zoezi la kusimama kwa mguu mmoja lisikome siku ya kurudi. Mimi hulifanya ninapopiga mswaki, asubuhi mguu wa kulia, usiku wa kushoto.